Mahali Treni Zinapopishana

Tusajigwe aliishi Mazwi, mjini Sumbawanga. Mumewe, Lutengano, alikuwa karani wa serikali. Kwao wote wawili ni Rungwe, na huko mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, hujificha. Tusajigwe aliishika mila hiyo barabara.

Mwaka 1977 baba mkwe, Mzee Ambwene, alikuwa safarini kutoka Dar es Salaam. Alikuwa hajawahi kumwona mjukuu wake, Suma. Kwa hiyo Tusajigwe na mumewe walipanda basi hadi Mbeya kumpokea, mtoto mgongoni. Sumbawanga hakuna reli. Tusajigwe alikuwa hajawahi kuona treni, na maswali yalimjaa tele.

Stesheni ilikuwa ndogo, nje ya mji. Asubuhi wafanyakazi walipandia hapo kwenda kazini. Tusajigwe na Lutengano walivuka daraja la juu, wakashukia kwenye jukwaa refu la saruji. Reli moja ilikuwa kulia, nyingine kushoto. Katikati palikuwa na chumba cha kungojea.

"Shikamoo, baba," Tusajigwe alimsalimu Zenon, mfanyakazi wa stesheni, mzaliwa wa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika.

"Marahaba, mama."

"Mbona reli ni mbili?"

"Ni moja tu, toka Dar hadi Zambia. Tuliijenga sisi na Wachina. Mimi nilibeba kokoto. Inagawanyika hapa stesheni tu."

"Kwa nini?"

Kabla hajajibiwa, treni iliingia upande wa kulia. Mlango ukafunguka.

"Baba huyo!" alisema Lutengano.

Mzee Ambwene alikuwa hatua tano tu kutoka kwao! Tusajigwe hakufikiri. Alirukia kwenye reli ya kushoto, akainama, mtoto mgongoni.

"Mama, toka!" Zenon alipiga kelele. Treni ya pili ilikuwa inakuja kutoka Tunduma. Yeye na Lutengano wakamvuta juu kwa mikono. Treni ikaingia. Suma akaangua kilio.

"Jibu lako ndilo hilo," alisema Zenon, akihema. "Njia ikiwa moja, treni mbili zitagongana. Hapa moja husimama kando, nyingine ikapita. Reli tupu usiiamini. Usishuke relini kamwe. Pita darajani."

"Nimekosa, baba. Lakini mimi na mkwe wangu tupishane wapi?"

Zenon akacheka. "Ninyi watu wa Rungwe! Heshima mpaka chini ya magurudumu! Chumba hiki kina milango miwili, mmoja kila upande. Wewe ingia huku. Mzee atapita nje, upande wa kule."

Tusajigwe akaingia. Lutengano akampeleka Suma kwa babu yake. Dirishani ilisikika sauti ya mzee.

"Mwambie mama Suma heshima yake nimeiona. Lakini mkwe akifa relini, heshima yake nitaipeleka wapi?"

Tusajigwe akafuta machozi. Mzee akatangulia darajani, amembeba mjukuu. Walipofika ng'ambo, Tusajigwe naye akapanda polepole. Juu akasimama kidogo, akazitazama treni mbili zikiondoka, kila moja kwa njia yake. Hakuna iliyoigusa nyingine.