Kitambaa cha Mama Masikioni mwa Boynak

Kila asubuhi Sairagul alikamua ng'ombe, akawasha moto wa mavi makavu, kisha akamgawia Boynak kipande cha mkate. Boynak alikuwa mbwa wa marehemu mama yake. Kati ya mbwa wote pale malishoni, ni yeye peke yake aliyekuwa na masikio mazima. Wachungaji huyakata mbwa angali mdogo, ili mbwa mwitu wakose pa kushika, lakini mama alikataa katakata.

Kiangazi hicho nzi walizitafuna ncha za masikio yake hata zikatoka damu. Baba yake Sairagul, Ermek, alikwisha kusema, "Yakiharibika nayakata. Sina muda wa kubembeleza mbwa." Basi Sairagul akayafunga kwa kitambaa cha kichwa cha mama, nzi wasiyafikie wala baba asiyaone.

"Lo, bibi harusi mwenye mkia!" Kubat, kijana wa hema la jirani, akamcheka.

"Una nini na huyo mbwa?" baba akauliza kwa mbali.

"Ni mchezo tu, Baba."

Jua likazidi ukali. Boynak akaacha kula, akawa anatikisa kichwa na kulia. Harufu mbaya ikaanza kutoka. Sairagul alipofungua kitambaa, akaona funza, akapiga ukelele. Baba akaja mbio, mkasi wa kunyolea kondoo mkononi.

"Usimkate, Baba! Ni wa mama!"

Ermek akakitazama kitambaa, akakitambua. Akaushusha mkasi.

"Chemsha maji," akasema taratibu. "Tia chumvi kidogo."

Maji yalipopoa, wakanawa mikono kwa sabuni. Ermek akapunguza manyoya, akatoa funza mmoja mmoja, akaosha na kukausha. Kandokando akapaka mafuta ya kondoo kuzuia nzi. Hakufunga kitu.

"Tumpeleke kwa daktari wa mifugo," Sairagul akasihi.

"Daktari yupi? Kituo kina kufuli. Wakubwa huja wakati wa kura, wakala kondoo wetu, wakatuachia vumbi." Akakiokota kitambaa. "Mama yako naye alificha homa. Alijua zahanati haina mtu, akaona asinisumbue. Aliposema, hakuweza tena kusimama."

Sairagul akalia, uso wake shingoni mwa mbwa.

Boynak alipona, ingawa ncha ya sikio moja ilikatika. Siku Sairagul alipokianika kitambaa kilichofuliwa, baba alikuja kusimama kando yake.

"Wakubwa hawatutazami, mwanangu. Basi sisi tusifichane. Kidonda kikisemwa mapema, maji ya chumvi hutosha. Kikifungiwa gizani, huoza. Nami sitakutisha tena. Ukiwa na neno, niambie."