Jino la Walii

Kofi la kwanza lilimkuta Abdulrazaq ameinama, mikono miwili imeshika boksi. La pili lilimkuta anageuka kuuliza kwa nini. La tatu halikuwa kofi tena, lilikuwa ngumi, na damu ikamtoka puani ikachirizika mpaka kwenye jezi yake nyekundu iliyopauka.

"Mwizi! Mwizi wa mizigo huyu hapa!"

Ilikuwa saa nne asubuhi, stendi ya Kibiti, basi la Dar limeingia sasa hivi na buti liko wazi. Kila mtu anavuta chake. Jana yake boksi la abiria mmoja lilipotea, na aliyelaumiwa ni Mahamudu, mpiga debe anayesimamia mizigo pale. Sasa Mahamudu kaona kijana asiyemjua anachomoa boksi lisilo na jina, kamaliza kesi palepale kwa mkono wake.

Ukitaka kujua watu wanatoka wapi, piga kelele ya mwizi. Walitoka kwenye chapati, kwenye bodaboda, wengine na povu la mswaki mdomoni. Teke likampata Abdulrazaq mbavuni. Akaanguka juu ya lile boksi, akalikumbatia. Mtu mmoja nyuma alishaanza kuulizia petroli, anauliza taratibu tu kama anaulizia chumvi.

"Muacheni kwanza!"

Sauti ilitoka steshenari ya ng'ambo ya barabara. Alikuwa Waride, mdogo wake Mahamudu, baibui jeusi na mtandio wa njano, hina mkononi haijafifia bado. Alikuwa anatoa kopi, akaacha mashine inanguruma. Akapenya katikati ya wanaume, akachuchumaa.

"We kaka, ndani ya boksi kuna nini?"

"Mazabodi," Abdulrazaq akasema, akatema damu. "Ya kompyuta."

"Ya aina gani?"

"AM4. Inapokea RAM nne, DDR4. Kuna kiwaya kimoja cheusi kwenye nailoni."

Waride akachana gundi kwa meno. Akalitoa lile bodi, akalinyanyua juu watu waone. AM4. Vitundu vinne vya RAM. Kiwaya cheusi.

Aliyekuwa anaulizia petroli akaondoka zake.

"Kaka Mahamudu," Waride akasema, "muombe radhi mwenzio."

Mahamudu akamwangalia mdogo wake, akawaangalia watu. Muuza juisi akacheka. "Polisi wetu leo kakamata mwenye mali!" Stendi nzima ikaripuka kwa kicheko. Mahamudu akatema mate chini, akaondoka bila kuomba radhi kwa mtu. Na kile kicheko akaondoka nacho.

* * *

Waride alimkalisha Abdulrazaq kwenye benchi la dukani, akampa maji anawe. Kijana alikuwa ananukia oili ya injini. Kumbe ni fundi wa mashine za boti huko Salale, ndani kabisa kwenye mikoko. Miaka mitatu anajikusanyia vitu vya kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea game, kimoja kimoja, na anataka kuiunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Wenzangu wananiita chizi," akasema. "Wanasema ningenunua nyavu."

"Na prosesa, ule ubongo wake, unayo?"

Akatabasamu na lile domo lililovimba. Akachomoa kikasha mfukoni, kakifunga kwenye leso. Waride akakifungua, akaangalia, akaangalia tena. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Mbona unanicheka na nimepigwa?"

"Pole jamani. Ila hii ni Intel. Bodi lako lina vitundu vya kupokea miguu, si unaona? Sasa huyu hana miguu. Yuko bapa kama kigae!"

"Kwa hiyo haviingiliani?"

"Hata ukivisomea dua."

Abdulrazaq akakitazama kile kikasha kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Halafu na yeye akacheka, akashika mbavu kwa maumivu. "Bora nimepigwa, basi. Nisingepigwa nisingekujua."

"Hee! Umepona mara hii?" Lakini Waride alikuwa ameshainamisha uso.

Alimwandikia kwenye karatasi vitu vya kununua. Chini, bila kuombwa, akaandika namba ya simu.

* * *

Simu zikaanza, na Abdulrazaq akawa Razaki.

"Razaki, pawasaplai hiyo uliyonitumia picha, acha."

"Ina mataa, mpenzi. Inawaka rangi saba."

"Na moto itawaka. Huku umeme unarukaruka kama chura. Tafuta nzito. Ukiinyanyua mkono uchoke."

"Kama wewe."

"Mimi nzito?!"

"Mkono haujachoka, sijajaribu."

"Nakata simu!"

Hakati. Siku nyingine yeye ndiye anapiga, Razaki yuko chini ya injini, simu kaibana kwa bega.

"Kesi, lile boksi la nje, umepima? Grafiki kadi yako ndefu, usije ukakuta haiingii."

"Nimepima kwa kipande cha kanga cha mama."

"Kwa nini usipime kwa rula?"

"Salale rula ya nini, laazizi? Kamba wa baharini tunawapima kwa ndoo."

Waride anacheka peke yake dukani mpaka wateja wanamshangaa. Intel ikabadilishwa kwa mtu wa Dar, ikaja Ryzen, yenye miguu yake yote, midogo kama sindano za mchongoma. Vitu vikawa vinafika kwa basi na Waride anavipokea, anavipanga kwenye kabati la steshenari. Mpaka ikabaki Jumamosi moja tu, Razaki aje, waunge pamoja.

Ijumaa, baada ya swala, Mahamudu akaingia dukani. Muuza juisi alikuwa amemtania tena: "Shemeji yako mwizi anakuja kesho, tumwandalie chai?"

"Funga mlango," akamwambia Waride.

"Kaka, kuna wateja..."

Kofi. Mdomo ukapasuka. Waride akarudi nyuma akagonga kabati, vikasha vikamwagika chini. Mahamudu akavipiga mateke. Boksi la pawasaplai likagonga ukuta. Kile kikasha cha prosesa kikafunguka, na kiatu kikatua juu yake.

"Umenifanya bwege mbele ya stendi nzima kwa ajili ya huyu! Akanyage hapa kesho uone, nitamzika!"

Akatoka. Waride akapiga magoti, akaiokota ile prosesa. Miguu ya upande mmoja ilikuwa imelala yote, kama mpunga uliopitiwa na kiboko.

Alimjua kaka yake. Akisema atazika, anazika. Akapiga simu Salale, damu ikiwa bado mdomoni.

"Razaki, kesho usije. Prosesa nimeiharibu. Niliiweka vibaya, miguu imepinda."

"Umeiharibu wewe?"

"Ndiyo."

"Wewe uliyenicheka? Wewe unayejua kila kitu?" Sauti ikapanda. "Waride, miaka mitatu! Au kuna mwanaume umempa, sasa unanitafutia maneno? Niambie tu!"

Waride akakata simu. Safari hii alikata kweli.

* * *

Razaki alikuja. Boti mpaka Nyamisati, bodaboda mpaka Kibiti, njia nzima anayapanga maneno makali. Akaingia steshenari nayo yote mdomoni, na yote yakafia pale alipouona ule mdomo uliovimba. Prosesa ilikuwa mezani. Juu yake, vumbi la soli ya kiatu, limeacha alama ya mistari.

"Nani?"

Waride akavuta mtandio akafunika mdomo.

"Ni kaka'ko."

"Razaki, nisikilize. Baba yangu hayupo. Yule ndiye walii wangu. Ukimpiga yeye, nani ataniozesha kwako? Nani?"

Lakini Razaki alikuwa ameshatoka. Aliiacha spana yake ya kazi kwenye begi. Hakuitaka spana.

Mahamudu alikuwa anasukuma mzigo kwenye buti. Aligeuka mapema, akamuwahi kwa kichwa. Razaki akaona nyota mchana. Wakashikana mashati, wakaanguka juu ya ndoo za machungwa, machungwa yakabingirika barabarani, pikipiki ikayakwepa. Mahamudu alikuwa mnene na anajua kupigana. Akampiga Razaki goti tumboni, akamkaba shingo. Razaki akamng'ata mkono, akajinasua, akapanda juu yake. Akapiga. Akapiga. Jino likaruka, likaangukia mchangani karibu na mguu wa muuza juisi, ambaye safari hii hakucheka.

"Basi," Mahamudu akasema chini. "Basi, basi."

Razaki akaendelea kupiga. Hata mkono wake ulipolia kwa ndani kama kuni kavu, akaendelea kupiga.

Waride alifika anakimbia, mtandio umeanguka mabegani. Akaita jina lake. Razaki akageuza uso, na Waride akayaona macho yake. Aliyajua yale macho. Aliyaona jana yake kwenye uso wa mtu mwingine, sekunde moja kabla ya kofi.

Akachukua ndoo ya maji ya muuza juisi, akawamwagia wote wawili.

"Nyie ni mtu mmoja," akasema. Hakupiga kelele. "Mmegawana majina tu."

* * *

Mchukwi, hospitali, benchi moja. Mahamudu taya limefungwa kitambaa. Razaki mkono umevunjika, anasubiri kufungwa plasta. Nafasi nyingine hakuna, imebidi wakae wamegusana mabega.

"Sogea huko," Mahamudu akasema kwa shida. "Unanipaka damu."

"Damu yako hiyo."

Mama mmoja mwenye mtoto akahama benchi.

"Nisamehe jino," Razaki akasema mwisho.

"Jino hata lilikuwa bovu." Mahamudu akatema kwenye kitambaa. "Ulikuwa unaniua wewe. Nilisema basi."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia, bwana. Mkono haukunisikia." Razaki akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine. "Na wewe siku ile? Mimi sijaiba. Na dada yako je?"

"Walinicheka," Mahamudu akasema, na hata masikioni mwake neno lile lilisikika dogo.

"Namtaka Waride."

"Lete barua. Nitaichana mbele yako."

* * *

Wiki tano Waride hakupokea simu. Razaki alipiga kutoka Salale asubuhi na jioni, ikaita mpaka ikachoka. Akaandika meseji: *Sio kwa ajili ya kompyuta. Nisamehe nilivyokushuku. Nisamehe macho yangu.* Hakujibiwa.

Ila mchana, wateja wakipungua, Waride alikuwa anaitoa ile prosesa. Alichukua penseli ya kubonyeza, akaitoa risasi yake ndani, akauingiza mguu mmoja kwenye kile kitundu cha chuma, akaunyanyua taratibu. Ukivuta kwa hasira unakatika. Unaunyanyua kidogo, unaacha, unapumua, unarudi. Siku nyingine ananyanyua minne tu. Hakumwambia mtu. Hata yeye hakujua anamtengenezea nani.

Barua ya posa ililetwa Jumapili asubuhi na Mzee Seleman, mjomba wake Razaki, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Razaki mwenyewe akaachwa nje barazani na plasta yake. Ndani, Mahamudu aliisoma ile barua mara mbili. Mama yao, Bi Shufaa, alishika tama nyuma ya pazia akingoja kusikia karatasi inachanwa.

Haikuchanwa.

"Mwenyewe aseme," Mahamudu akasema, pengo linapitisha upepo. "Mimi sina uso."

Waride akaingia, amevaa gauni la kijani na ushungi mweupe. Hakukaa.

"Kaka, nikubali nisikubali, ukininyanyulia mkono tena naenda kwa sheikh, niozeshwe bila wewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mahari yangu nataka nimtajie mwenyewe."

Mzee Seleman akakohoa. Haijawahi kuonekana. Lakini Waride alishafika mlangoni.

Nje, Razaki akasimama haraka mpaka kandambili moja ikabaki nyuma. Alikuwa amekonda.

"Waride."

"Mahari yangu ni kompyuta."

"Nitakununulia. Yoyote."

"Sio yoyote. Ile. Mazabodi, grafiki kadi, kesi, yote. Iwe yangu, siyo yetu."

"Ile ya miaka mitatu?"

"Ile. Na prosesa ni nzima, nimeinyoosha. Siku utakayoninyanyulia mkono mimi, au watoto, au mtu aliyekwambia basi, naichomoa ukutani naondoka nayo. Na sirudi. Sitokupa hata waya."

"Sasa mimi nitacheza wapi?"

"Utaniomba."

Razaki akatazama chini. Waride akamsubiri. Kama kutakuwa na hasira, itatokea sasa hivi, usoni, kabla hajawahi kuificha. Alimkodolea macho kabisa bila aibu. Akaona machozi, akaona majuto, akaona mtu aliyechoka. Ile nyingine hakuiona. Leo haikuwepo.

"Mjomba!" Razaki akaita kuelekea dirishani, sauti inakwaruza. "Waambie nimekubali! Mpaka skrubu!"

Halafu akanyoosha ule mkono wa plasta, kiganja juu, vidole vimefunguka. Hakumshika. Aliuacha pale hewani.

Waride aliuangalia kwanza, muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Halafu akaweka wake juu yake.

"Weee!" Bi Shufaa akatokeza kichwa dirishani. "Barua haijakaa hata saa! Achianeni mikono hapo!"

Hawakuachiana.