Kumwaga Jua

Saa saba mchana, jua la Lodwar likiwa limefikisha nyuzi hamsini na mbili, wasichana wanane waliruka kamba katika uwanja wa shule, na hakuna hata mmoja aliyetokwa na tone la jasho. Zamani, saa kama ile, hata mbuzi walikuwa wakianguka. Sasa watoto waliimba, wakaruka, wakagombania zamu.

Kilichowawezesha kiliitwa punje. Kilikuwa chombo kidogo kama mbegu ya mtama, kilichopandikizwa chini ya ngozi ya shingo. Mhandisi Apua Lokaale alikibuni baada ya kuwachunguza choroa, wale wanyama wa jangwani wenye pembe ndefu zilizonyooka. Binadamu ana damu moto, na mwili wake hung'ang'ania joto lile lile siku zote. Jua likizidi hutoa jasho, na maji yakimwishia hufa. Choroa naye ana damu moto, lakini hashindani na jua. Huuacha mwili upande joto mchana kutwa, huku damu iendayo kwenye ubongo ikipozwa kwanza karibu na pua, kisha giza likiingia huliachia joto lile liende zake. Punje iliufundisha mwili wa mtu ustadi huo. Jioni mji mzima ulilala chali juu ya mabamba ya mawe, majirani wakipiga soga, miili ikipoa taratibu. Huko watu walikuita kumwaga jua.

Nyumbani kwa Apua ni mtu mmoja tu aliyeikataa punje, naye ni mama yake mzazi, Nyanya Atabo. Alishinda kivulini na kitambaa kibichi kichwani, jasho likimtiririka, na mjukuu wake Nakiru, mtoto wa miaka sita, hakuchoka kumcheka.

"Nyanya, unavuja tena."

"Afadhali mimi ninayevuja. Wewe mama yako amekugeuza choroa. Leta kichwa, nione kama pembe zimeanza."

Basi Nakiru huleta kichwa, na bibi humpapasa paji la uso. Ulikuwa mchezo wao wa kila mchana.

Alhamisi moja Nakiru alirudi kutoka shuleni mapema, na hakumcheka mtu. Alijikunja kwenye mkeka akaomba blanketi. Apua, aliyekuwa amekuja nyumbani kula, alisikia moyo ukimdunda kwa furaha. Mtoto anaona baridi katika nyuzi hamsini na mbili! Alimgusa, akamwona ana joto sawa na lake mwenyewe. Akatazama kisomajoto cha ukutani, kilichopokea joto la mwili wa mtoto kutoka kwenye punje yake: nyuzi arobaini na moja na nusu, taa ya kijani. Kanuni ya taa ile aliiandika yeye: mchana, mwili ukiwa chini ya arobaini na mbili, hakuna hatari. Akafungua daftari lake la utafiti, akaandika: "Nakiru anahisi baridi saa saba mchana. Punje imefaulu kupita nilivyotarajia."

Nyanya Atabo aliondoa mkono wake kwenye paji la mtoto.

"Mama Nakiru, huyu ana homa."

"Mama, saa hizi mji mzima uko hivi. Hebu nishike na mimi."

Mzee akamshika. "Wewe una jua. Huyu ana homa."

Apua alitabasamu, tabasamu ambalo waliosoma huwapa wasiosoma. Alimwambia mama yake kwamba jioni Nakiru atamwaga jua kama wenzake, akamfunika mtoto vizuri, akarudi kazini.

Jioni wakalala juu ya jiwe, Nakiru katikati. Apua alipoa. Majirani walipoa. Mtoto hakupoa, na alipoitwa jina hakuitika. Kwenye zahanati waliambiwa malaria imekwisha kupanda ubongoni. Daktari alianza kusema kwamba wangemleta mchana, kisha akainamisha macho, hakumaliza. Kabla ya mapambazuko Nakiru alifariki.

Wenzake Apua walirekebisha kisomajoto kwa wiki mbili. Walimwambia, kwa nia ya kumfariji, kwamba kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja tu wa kanuni ile ya taa. Apua aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo hiyo, aliporudi nyumbani, alimuuliza mama yake alichokuwa hajathubutu kumuuliza: alijuaje?

Nyanya Atabo alimsogelea. Kisha akafungua kiganja chake, kibichi kwa jasho, akakilaza juu ya kiganja cha binti yake.

"Mkono wako ulikuwa moto kama yeye, mwanangu. Ungejulia wapi?"

Kesho yake Apua alikwenda kutolewa punje.

Siku hizi kila mchana huketi chini ya paa la shule, kitambaa kibichi kichwani, nguo imemganda mgongoni. Mara mbili amezimia. Visomajoto vinasema kweli sasa, lakini watoto hupita kwake mmoja mmoja kabla ya kwenda kuruka kamba, naye huwagusa. Daftari lake analo mkobani. Ule mstari wa Alhamisi hajaufuta.

Juzi msichana wa darasa la kwanza alisimama mbele yake, akalitazama tone lililoning'inia kidevuni mwake.

"Mama Nakiru, unavuja."

Wengine wakacheka. Apua alilifuta tone kwa ncha ya kitambaa.

"Ndiyo," akasema. "Leta kichwa."