Usiingie Kama Huoni Chini

Mulwa na mkewe Ngina wanaishi Satellite, Nairobi. Jumapili moja ya Desemba 2006, walitoka kanisani wakampeleka binti yao Yvonne kuogelea katika hoteli moja upande wa Karen. Jirani yao Ravneet, mwalimu wa kuogelea, alifuatana nao.

Bwawa lilijaa watoto. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Harufu ya dawa ya kusafisha maji iliwasha macho.

"Unasikia hiyo dawa?" Mulwa alisema kwa furaha. "Hii maji ni safi kabisa!"

Ravneet alikuwa bado anavua viatu. Yvonne alikuwa ameshaingia.

Ngina aliinama kutoa taulo. Alipoinua macho, hakumwona mtoto.

"Yvonne! Baba Yvonne, mtoto ako wapi?"

Hakuna aliyejua. Maji yalificha kila kitu. Ravneet alijitosa, akapapasa chini, akakosa. Alizama tena, akaibuka na Yvonne. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia.

Meneja alikuja na tai yake shingoni. "Pole, madam. Lakini maji iko sawa. Tumeweka dawa asubuhi. Na mtoto si amepona?"

Mtoto anatetemeka, naye anasema hivyo!

"Amepona?" Ngina alifoka. "Ungezama wewe tukutafute kwa kupapasa! Funga hii swimming pool sasa hivi!"

"Siwezi, madam. Leo kuna watu wengi."

Ravneet alipaza sauti ili wazazi wote wasikie. "Hiyo harufu kali si usafi. Dawa ikikutana na jasho na mkojo, ndio inanuka hivyo. Na kama huoni chini, usiingize mtoto. Akizama, nani atamwona?" Kisha akamgeukia Ngina. "Mama Yvonne, twende hospitali. Hata kama anapumua vizuri, lazima daktari amwone."

Wazazi waliwatoa watoto wao majini. Ngina na Ravneet walimkimbiza Yvonne hospitali. Mulwa, yule aliyesifu harufu, alibaki langoni. Alimwambia kila aliyefika, "Binti yangu karibu afe humo ndani." Watu waligeuka wakaenda zao. Kufikia jioni, meneja alifunga bwawa shingo upande.

Lilipofunguliwa tena siku kadhaa baadaye, maji yalikuwa yamechujwa na kupimwa. Mwokoaji alikaa ukingoni. Daktari alikuwa amemruhusu Yvonne kurudi majini, naye akaanza masomo ya kuogelea kwa Ravneet.

"Karibu tena, madam," meneja alisema.

Ngina alimpita akaenda ukingoni. Hasira ilikuwa bado kifuani. Alikuwa akimtazama mtoto wake, na safari hii alimwona mpaka vidole vya miguu.