Shilingi Nne za Mafuta

Sabaha huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Huwasha jiko la mkaa uani, hukoroga unga wa mchele, kisha huanza kuchoma vitumbua. Jua likitoka, beseni limejaa. Watu wanaokwenda kazini hununua kimoja kimoja, kwa senti ishirini.

Mume wake, Awadhi, ni fundi cherehani. Hushonea barazani, Mtaa wa Kongo. Wamepanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na bomba moja.

Katika chumba cha jirani anakaa Hyasinta pamoja na binti yake mdogo, Benedikta. Hyasinta alitoka Ndanda, na Sabaha alitoka Kilwa. Hapa mjini wamekuwa kama ndugu. Mmoja akikosa chumvi, mwenzake anayo. Kila asubuhi Benedikta hupata kitumbua chake cha kwanza kutoka jikoni, na halipi.

Hyasinta ni muuzaji katika Duka la Ushirika la Tupendane. Duka hilo lina utaratibu mpya. Mteja huchukua bidhaa mwenyewe kwenye rafu, akaziweka katika kikapu. Chini ya kila bidhaa kuna kibao cha bei. Mlangoni kuna meza, na hapo ndipo anapokaa Hyasinta. Huandika risiti, hupokea fedha na kurudisha chenji. Chini ya risiti kuna karatasi ya kaboni, kwa hiyo nakala hubaki kitabuni.

Jumatatu moja Sabaha alikwenda kununua mafuta ya vitumbua. Alisimama mbele ya rafu akasoma kibao polepole. Alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima miezi saba iliyopita, na sasa alisoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti za kiberiti.

"Mafuta ya pamba. Kopo la kilo mbili. Shilingi kumi na saba."

Alichukua makopo mawili, akaenda mezani.

"Shoga, leo umekuja na kikapu kizito," alisema Hyasinta huku akiandika. "Jumla thelathini na nane."

Sabaha alitoa noti mbili za shilingi ishirini. Alipokea chenji na risiti, akafunga vyote kwenye pindo la khanga bila kutazama. Mtaani kwao hiyo ni desturi. Kuhesabu chenji mbele ya rafiki ni kama kumwambia, "Sikuamini."

Jioni, vyombo vilipokuwa vimeoshwa, aliifungua risiti ili ajizoeze kusoma. Alisoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Kisha akachukua kijiti akaandika hesabu mchangani.

"Baba Shomari, hebu njoo," alimwita mumewe. "Kibao kimesema kumi na saba. Hapa pameandikwa kumi na tisa."

"Labda bei imepanda."

"Imepanda baina ya rafu na mlango?"

Awadhi alicheka, kisha akaacha. "Ni kiasi gani?"

"Shilingi nne. Vitumbua ishirini, baba Shomari. Nitalazimika kuuza kwa senti ishirini na tano."

"Nyamaza tu. Huwezi kumwaibisha mtu mnayechota naye maji bomba moja."

Sabaha alinyamaza. Lakini ulionyamaza ni mdomo, moyo haukunyamaza. Jumanne hakumsubiri Hyasinta bombani. Jumatano Benedikta alipokuja na kisahani chake, Sabaha alijifanya anatafuta mwiko.

Asubuhi hiyohiyo Hamis, muuza kahawa, alisimama mbele ya beseni la vitumbua.

"Jana nimenunua mafuta pale ushirika," alisema. "Nimelipa kumi na tisa kila kopo. Yule dada anakula shilingi mbili mbili. Atajenga ghorofa."

Wateja walicheka.

"Hata mimi," alisema Sabaha.

Aliyatamka maneno hayo mawili tu. Lakini Hamis hutembeza kahawa mitaa tisa. Kufikia jioni, Kariakoo nzima ilijua kwamba Hyasinta ni mlanguzi. Alhamisi jioni alipewa barua. Kamati ya duka ingekutana Jumamosi kumjadili, na huenda angeachishwa kazi.

Sabaha alimkuta bombani, amekaa juu ya ndoo tupu. Barua ilikuwa mkononi.

"Siku tatu hunisalimii," Hyasinta alisema bila kuinua uso. "Mwanangu ananiuliza, mama Shomari ameugua? Nimekukosea nini?"

Sabaha aliona aibu. Alifungua pindo la khanga, akatoa risiti.

"Mafuta. Kibaoni ni kumi na saba. Wewe umeniandikia kumi na tisa."

Hyasinta aliisoma risiti. "Mimi naandika bei iliyo kwenye orodha ya mezani kwangu. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa. Kukuuliza ni kukuita mwizi."

"Na usiponiuliza, shoga? Umeniita mwizi kimya kimya. Sikupata hata nafasi ya kujibu."

Sabaha alimshika mkono, akamwinua. Alichukua ile ndoo, akaiweka chini ya bomba, akamjazia maji.

"Kesho tunakwenda wote," alisema. "Mimi ndiye nitakayesema."

Ijumaa asubuhi walifika dukani kabla ya wateja. Walimkuta Arvind, karani wa bei na ghala. Arvind alizaliwa Kariakoo, na watu wengi humwita Ndugu Karani. Miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, Ndugu Karani," alisema Sabaha.

"Marahaba, mama. Karibuni."

Sabaha alieleza yote tangu mwanzo. Hakuficha hata yale maneno yake mawili.

"Risiti unayo?" aliuliza Arvind.

"Ninayo."

"Vizuri. Mteja mwenye risiti hana haja ya kupiga kelele. Karatasi inasema kwa niaba yake."

Aliiweka risiti mezani. Kwanza alitazama karatasi ya bei za serikali iliyobandikwa ukutani. Mafuta ya pamba, kumi na saba. Kisha akaenda kwenye rafu. Kumi na saba. Mwisho akatazama orodha ya mezani kwa Hyasinta. Kumi na tisa.

Arvind alivua miwani. Aliifuta, akaivaa tena, akasoma tena.

"Orodha hii niliandika mimi, Ijumaa iliyopita," alisema kwa sauti ndogo. "Kumi na tisa ni bei ya mafuta ya karanga, mstari wa chini. Jicho langu limeruka mstari. Kosa ni langu."

Alileta kitabu cha nakala na daftari la fedha za kila siku. "Jumatatu, makopo mawili, thelathini na nane. Na sandukuni ziliingia thelathini na nane. Tazameni wenyewe. Hyasinta hakuchukua hata senti."

Hyasinta alikaa juu ya sanduku la sabuni akalia. Sabaha alimfuta machozi kwa khanga yake, kisha akajifuta na yeye.

"Lakini Ndugu Karani," alisema Sabaha, "kopo moja nimeshalifungua."

"Hata ungekuwa umelimaliza. Mafuta hayana kosa, kosa ni la bei. Anayerudisha bidhaa mbovu, huyo ndiye anayetakiwa kuileta, pamoja na risiti, kabla siku saba hazijapita. Aliyetozwa zaidi anahitaji kutuonyesha tu kwamba alilipa."

Aliandika nyuma ya risiti, "Zimerudishwa shilingi nne." Kisha akampa Sabaha kalamu. "Weka sahihi yako hapa. Au nikuletee wino wa dole gumba?"

"Mwenye dole gumba ni nani?" alisema Sabaha. Akaandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine.

Kwa kuwa alikuwa dukani, alitaka pia sukari. Wakati huo sukari ilikuwa ya mgawo, na kila kaya ilikuwa na kadi yenye kuponi nne za mwezi. Sabaha alitoa kuponi zake kutoka kwenye kibahasha. Zilikuwa zimekatwa tayari, zimenyooka vizuri.

"Nani amezikata hizi?" aliuliza Arvind.

"Mume wangu. Alisema kadi itachakaa kwa moshi wa jikoni."

"Ni fundi cherehani?"

"Umejuaje?"

"Hakuna anayekata hivi ila fundi cherehani." Hyasinta alicheka katikati ya machozi. Arvind aliendelea, "Kazi nzuri, mama, lakini hatupokei kuponi iliyokatwa nyumbani. Hatuwezi kujua imetoka kadi gani. Kuponi hukatwa na muuzaji, hapa mezani, mbele yako. Tena tazama tarehe, mwezi ukiisha nayo imekufa. Leo tu, niletee kadi yenyewe nilinganishe namba, upate sukari yako. Kuanzia kesho mwambie fundi akate vitambaa tu."

Sabaha alirudi nyumbani kuchukua kadi. Njiani alimtafuta Hamis. Alimkuta Mtaa wa Sikukuu akigonganisha vikombe vyake.

"Hamis, tulimsingizia. Kosa lilikuwa la orodha. Mimi ndiye niliyekuunga mkono, kwa hiyo mimi ndiye ninayekuomba. Popote ulipopeleka lile neno, peleka na hili."

Hamis alikuna kichwa. "Mitaa tisa, mama Shomari."

"Hata kumi. Na zile shilingi mbili mbili zako kachukue. Nenda na risiti."

"Risiti? Nimewashia seredani ya kahawa."

Sabaha alinunua kikombe cha kahawa yake kwa kumwonea huruma. Baadaye Arvind alimrudishia Hamis fedha zake pia, lakini haikuwa rahisi. Walipekua nakala za Jumanne asubuhi nzima mpaka wakapata makopo matatu aliyonunua. Siku hiyo kahawa ilipoa.

Jumamosi Arvind alisimama mbele ya kamati akaeleza kosa lake. Sabaha naye alisema. Kamati ilimwomba Hyasinta radhi, na barua ikafutwa. Tangazo likabandikwa mlangoni: kila aliyenunua mafuta ya pamba wiki ile alete risiti. Orodha ya mezani sasa husomwa na watu wawili kabla ya kutumika. Hyasinta naye husema kwa sauti bei ya kila kitu kabla ya kuiandika, na mteja husoma risiti yake kabla hajatoka. Asiyejua kusoma husomewa na aliye nyuma yake.

Sabaha aliendelea kuuza kitumbua senti ishirini. Na kila asubuhi cha kwanza kilikuwa cha Benedikta.

Mwezi uliofuata Sabaha alikuja dukani siku yenye watu wengi. Alinunua sabuni, chumvi na mafuta. Hyasinta alimkabidhi risiti na chenji.

"Soma, shoga. Usinionee haya."

Sabaha alisimama kando, akasoma huku kidole kikifuata mstari. Akahesabu chenji mbele ya watu wote. Kisha akarudi mezani.

"Umekosea," alisema.

Watu kwenye foleni waligeuka. Hyasinta alimtazama.

"Chumvi hukuiandika," alisema Sabaha, akaweka senti hamsini mezani. "Wakihesabu bidhaa, chumvi ingepungua, ukakatwa mshahara."

Hyasinta aliichukua sarafu, akaandika chumvi kwenye risiti, akamrudishia rafiki yake karatasi.

"Soma tena," alisema.

Sabaha akasoma tena.