Uzi wa Nne

Jumatatu nyuzi zilikuwa tatu. Jumatano zilikuwa nne, na bahasha haijafunguliwa.

Mwila, mwanamke wa polisi ya Kamina anayeokota alama ndogo ndogo kwenye miili ya waliouawa, alizitoa mwenyewe kwa kibanio chini ya kucha za Bibiche, muuza mihogo aliyekutwa amenyongwa kando ya reli. Nyuzi za buluu, fupi kama kope. Akazitia ndani ya bahasha nyembamba. Gundi ya ofisi ilikuwa imekauka, basi akalamba ukingo na kuufunga. Lubumbashi walimfundisha miezi mitatu kwamba mate ya mpimaji yasiguse ushahidi. Ulimi wake haukuhudhuria masomo hayo.

Sasa, akiinua bahasha dirishani, aliona uzi wa nne. Mwekundu. Akaketi.

Uzi ule aliujua. Jumapili mumewe Guylain, fundi wa mabehewa, alimletea salopeti yake ya buluu, ovaroli ya kazi, mkono umechanika. "Shona, Mama Gloire," alisema, macho ukutani. Uzi wa buluu haukuwemo nyumbani, akashona na mwekundu. Na mtu aliyenyongwa Jumamosi hawezi kukwaruza uzi ulioshonwa Jumapili. Labda awe bado anakwaruza.

Jela alikuwamo Lumbala, mshona viatu. Bibiche alimkataa uchumba, naye akalia sana msibani. Kosa lake lote ni hilo. Hakuwa na nguo ya buluu hata moja. Bahasha ile ndiyo ingemtoa.

Mchana, nyumbani, Mwila alisikia kucha. Kwanza ndani ya kapu la nguo, kr, kr, kama panya; kisha chini ya kitanda, kisha kwenye mbao za mlango, polepole, kama mtu anayetafuta pindo la nguo gizani, na pamoja na kucha ikaja harufu ya mihogo iliyolowekwa siku nyingi mno, ikajaa chumba, ikajaa pua, ikashuka kooni hata akahisi ladha yake pale pale kwenye ncha ya ulimi, pale alipolambia bahasha.

Akakimbilia kwa shangazi yake, mama Nyembo, anayejua mambo ya wafu.

"Uliilamba? Na ulimi?" Mama mzee akapiga makofi. "Eee! Batu banasoma mpaka banasahau. Kwetu mate njo kiapo. Mukubwa anamutemea mutoto mate, neno inashika. Weye umemupa mufu mate yako, umeapa utamusemea. Hakufuate juu ya ubaya. Anafuata neno yake."

"Tantine, nikisema, banamufunga Papa Gloire."

"Bamufunge! Bwana iko mutu, haiko mufupa ya mugongo yako."

Usiku Guylain alikula, akanawa. Kisha akanong'ona: "Mama Gloire, ile bahasha iko wapi?"

"Sababu ya nini?"

"Choma. Miye nakuomba. Alinicheka mbele ya batu, nikakasirika. Gloire abaki bila baba juu ya muuza mihogo?"

Mwila alimtazama mtoto aliyelala. Kesho yake akaitoa bahasha ofisini, akaiweka juu ya makaa ya mbabula, jiko la nyumbani. Iliwaka vizuri, kama karatasi nyingine yoyote. Harufu ya mihogo ikakatika. Akamshukuru Bikira Maria, bila kumweleza kwa nini.

Ijumaa, mahakamani, Guylain alikaa benchi ya nyuma, ametoka kazini na salopeti yake. Lumbala alisimama na pingu, anamtazama Mwila kama mgonjwa anavyotazama mlango wa daktari.

"Mama," jaji aliuliza, "chini ya kucha za marehemu ulikuta kitu?"

Mwila alifungua kinywa aseme hapana.

Kitu kikamtekenya shina la ulimi. Akakohoa, akatia vidole, akatoa uzi wa buluu, umelowa, unanuka mihogo iliyooza. Akatoa wa pili. Wa tatu. Watu walianza kusimama, mmoja mmoja, na yeye akashika ncha ya wa nne, ule mwekundu, akavuta, akavuta tena, nao hauishi, unatoka mrefu, unapita vidoleni, unashuka sakafuni, unaenda chini ya mabenchi, na huko nyuma kabisa, mbele ya macho ya wote, mkono wa salopeti ya Guylain ukaanza kufumuka.