Viatu Chini ya Mchoro

Haya yalimpata rafiki yangu Kibibi, anayehudumia wazee majumbani kule Bloomington, ughaibuni. Mteja wake, Mzee Harlan, alifariki Jumanne. Alhamisi saa kumi na moja jioni, giza la majira ya baridi limeshaingia, Kibibi alirudi nyumbani kwa mzee kuchukua viatu vyake vyeupe vya kazi. Kesho yake alikuwa anaanza kazi kwa mteja mpya, na hakuwa na vingine.

Siku zote alipomaliza kazi alivivua na kuviacha mlangoni kwa ndani, chini ya mchoro wa Kiholanzi. Katika mchoro huo, mwindaji anamkabidhi sungura mtumishi wa kike, aliyesimama pekupeku kwenye matope ya shamba.

"Huyu dada haoni baridi?" Kibibi aliwahi kuuliza.

"Mwazime viatu vyako, basi," mzee akacheka.

"Hodi!" Kibibi aliita Alhamisi hiyo kwa mazoea, ingawa nyumba ilikuwa tupu.

Ndani, hatua za mtu zilisogea hadi mlangoni, zikakoma. Kibibi hakuogopa; tangu Jumanne hakuwa akihisi lolote. Akafungua kwa ufunguo wake. Hapakuwa na mtu.

Viatu vilikuwa palepale. Alipotia mguu, ndani mlikuwa na joto. Akavimulika kwa simu. Soli zilijaa matope mabichi, na nje ardhi ilikuwa imeganda kwa barafu tangu Novemba.